Jinsi ya Kupima Athari za Miti ya Asili na ya Kigeni kwa Maji Kabla ya Kupanda

Anayetaka kujua kama shamba jipya la miti litakausha kijito au litakinusuru, aanze kukipima kijito hicho kabla mche wa kwanza haujatoka kitaluni. Kauli hii inaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Miti hupandwa kwa shangwe, miaka minane hupita, chemchemi hupungua, na hapo ndipo watu huanza kubishana, huyu akilaumu mikaratusi na yule akilaumu ukame, huku pasiwe na hata mmoja mwenye tarakimu ya kuonyesha hali ilivyokuwa mwanzoni. Mwongozo huu umekusudiwa kamati za maji, wenye mashamba, maofisa misitu na yeyote anayetaka kupanda, kubadilisha au kuondoa miti katika eneo linalolisha chemchemi, kijito au kisima.

Niseme mapema kwamba swali la kama mti ni wa asili au wa kigeni lina uzito wake, lakini si swali la kwanza. Mti hunywa kwa kadiri ya wingi wa majani yake, miezi anayokaa nayo, kina cha mizizi, kasi ya kukua, umri, na idadi ya wenzake katika hekta moja. Miti mingi ya kigeni iliyoenezwa kwa ajili ya mbao, nguzo na kuni ilichaguliwa kwa sababu inakua haraka na haipukutishi majani, na ni sifa hizo hizo zinazoifanya itumie maji mengi. Kwa hiyo tofauti kati ya ya asili na ya kigeni ipo, tena mara nyingi ni kubwa, ila sababu yake ni maumbile ya mti wenyewe, wala si mahali ulikotoka.

Mvua inakokwenda

Mvua inyeshapo juu ya miti, sehemu yake haifiki ardhini kabisa. Hubaki juu ya majani na matawi, kisha jua na upepo huianika ikarudi angani. Misonobari, kwa wingi wa sindano zake, huzuia sehemu kubwa zaidi kuliko mikaratusi, ambayo majani yake huning'inia wima na kuyaachia matone yaporomoke. Maji yanayofika chini, ama hutiririka juu ya uso wa ardhi, ama huzama. Yaliyozama hunyonywa na mizizi na kutolewa na majani kama mvuke; yanayosalia baada ya hapo ndiyo yanayoshuka hadi kwenye akiba ya ardhini na kutokea tena, wiki au miezi baadaye, kama chemchemi. Hesabu yote ni moja: mvua ni sawa na maji yanayotiririka, ukijumlisha yanayorudi angani, ukijumlisha badiliko la akiba ya ardhini.

Nyasi zina mizizi mifupi, na kiangazi kikikolea hukauka na kuacha kunywa. Mti wa kijani kibichi mwaka mzima wenye mizizi ya mita kadhaa huendelea kunyonya katika miezi hiyo hiyo ambayo kijito kinategemea akiba. Ndiyo maana madhara makubwa huonekana pale nyasi za asili zinapogeuzwa kuwa msitu wa kupandwa. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya vipimo 504 vya mwaka mzima kutoka vidakio 26 vya maji (maeneo ambayo mvua yake yote huelekea kijito kimoja), ulionyesha kwamba kupanda miti kwenye nyasi kulipunguza mtiririko kwa wastani wa asilimia 44, na kwenye vichaka asilimia 31. Katika nyasi, mikaratusi ilipunguza kwa asilimia 75 ilhali misonobari ilipunguza kwa asilimia 40.

Mfano unaostahili kukaririwa na kila mpanda miti ni wa Mokobulaan, mashariki mwa Afrika Kusini. Mwaka 1969 kidakio kizima cha nyasi kilipandwa mikaratusi. Katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Kidakio cha jirani kilipandwa misonobari mwaka 1971, nacho kijito chake kikakauka katika mwaka wa 12. Mikaratusi ilipofikisha miaka 16 ilikatwa yote, lakini maji ya kudumu yalirudi baada ya miaka mitano mingine, kwa sababu mizizi ilikuwa imekwisha kunyonya akiba ya chini sana, na akiba hiyo ilipaswa kujaa kwanza ndipo kijito kipate chochote.

Chora kidakio, kisha andika kilichokuwapo

Hatua ya kwanza ya kazi ni kutembea. Anza kwenye chemchemi au mahali maji yanapochotwa, panda hadi mgongo wa kilima, ufuate mgongo huo ukizunguka mpaka urudi ulikoanzia upande wa pili. Mvua yote inayoanguka ndani ya mzunguko huo inaelekea kwako. Hicho ndicho kidakio chako. Kichore kwenye karatasi au kwenye ramani ya simu, na ukadirie ukubwa wake kwa hekta. Kosa nililoliona mara nyingi ni watu kuzungushia chemchemi uzio wa mita chache, wakaupanda miti ya asili kwa uangalifu mkubwa, huku sehemu ya juu ya mlima, ambako ndiko mvua inakozama, ikiachiwa shamba zito la mikaratusi. Chemchemi ni mdomo tu wa mtungi. Mtungi wenyewe uko juu.

Ndani ya mchoro huo, andika kilichopo sasa na kilichokuwapo zamani kwa kadiri wazee na picha za zamani zinavyoweza kusema. Hapa ndipo matokeo yote yanapogawanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama palikuwa na nyasi nzuri zenye udongo unaopitisha maji, tarajia kwamba msitu wowote wa kupandwa, uwe wa asili au wa kigeni, utapunguza maji, na wa kigeni unaokua haraka utapunguza zaidi na mapema zaidi. Kama palikuwa na msitu wa asili uliofungamana, kuubadilisha kuwa shamba la misonobari kunaweza kusilete tofauti kubwa ya jumla ya maji baada ya miti kukomaa. Majaribio ya Kimakia, kwenye safu ya Aberdare nchini Kenya, yaliyoanza miaka ya 1950, yalikuta kwamba misonobari iliyochukua nafasi ya msitu wa mianzi ilitumia maji kiasi kinachokaribiana na cha mianzi mara matawi yalipokutana. Lakini usikimbilie kuhitimisha kwamba basi msitu wa asili hauna faida. Utafiti wa kusini mwa Chile, ambako misitu ya asili iko jirani na mashamba ya misonobari na mikaratusi, ulikuta kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la msitu wa asili katika kidakio liliendana na ongezeko la asilimia 14 hivi la mtiririko wa kiangazi. Kiangazi ndicho msimu ambao maji yana thamani.

Kama palikuwa na ardhi iliyochakaa, yenye uso mgumu uliokanyagwa na mifugo au kuchomwa moto mara kwa mara, hesabu inageuka. Hapo mvua haizami; inateremka kwa kasi, inabeba udongo, na kijito kinafurika leo na kukauka mwezi ujao. Miti ikifungua udongo huo kwa mizizi na kuufunika kwa majani yaliyoanguka, maji ya ziada yanayozama yanaweza kuzidi yale ambayo miti inakunywa. Utafiti uliofanywa Saponé, nchini Burkina Faso, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba miti iliyotawanyika kwa kiasi cha wastani ilijaza maji ya ardhini zaidi kuliko ardhi tupu na zaidi kuliko msitu mnene. Neno la kushika hapo ni wastani.

Jambo la nne ni ukungu. Katika miinuko inayofunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, miti huchana ukungu na kuudondosha chini kama mvua ya pili, isiyoingia kwenye kipima mvua kilichowekwa uwanjani. Msitu wa asili wa mahali hapo, wenye kuvumwani na mimea midogo iliyojishika kwenye matawi, hushika maji hayo na kuyaachia polepole. Ukiwa na msitu wa namna hiyo, usiubadilishe kwa chochote.

Jaribio la mkebe

Kujua kama udongo wako uko katika kundi la kupitisha maji au la kuyakataa hakuhitaji maabara. Chukua mkebe wa bati wenye upana wa sentimita 15 hivi, uukate pande zote mbili ubaki bomba. Uzamishe ardhini sentimita tano kwa kuugongea kipande cha ubao juu yake, polepole, ili udongo usipasuke pembeni. Mimina maji hadi yafike kimo cha sentimita 10, uyaache yazame yote. Mara hii ya kwanza ni ya kulowesha tu. Mimina tena, tia alama kwa kalamu upande wa ndani, na uangalie saa. Maji yakishuka sentimita moja kwa dakika sita, udongo unapitisha milimita 100 kwa saa, na mvua nzito za kawaida zitazama. Yakikaa nusu saa bila kushuka hata milimita tano, udongo unapitisha chini ya milimita 10 kwa saa, na mvua kubwa itakimbia juu yake.

Rudia jaribio hilo angalau mara tatu katika kila aina ya ardhi: kwenye nyasi, chini ya mti mkubwa wa asili, ndani ya shamba la mikaratusi kama lipo, na kwenye njia ya mifugo. Utakachokiona mara nyingi ni kwamba chini ya mti wa zamani wenye tandazo nene la majani yanayooza, maji yanatoweka ukiwa bado unayamimina, ilhali hatua kumi mbele, kwenye njia iliyokanyagwa, yanakaa yakiakisi mawingu. Mkebe huo huo utakuonyesha pia jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba shamba la misonobari au mikaratusi ambalo majani yake hufagiwa kwa ajili ya kuni au huchomwa kila mwaka linaweza kuwa na udongo mgumu kama wa uwanja. Mti upo, kivuli kipo, lakini ile faida ya kuzamisha maji imeondolewa pamoja na majani.

Kupima mtiririko

Kwa chemchemi na vijito vidogo, ndoo na saa vinatosha. Kusanya maji yote yapite kwenye bomba au jani la mgomba, weka ndoo ya lita 20, na uhesabu sekunde mpaka ijae. Fanya mara tatu, uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde nane, chemchemi inatoa lita 2.5 kwa sekunde, ambazo ni lita 216,000 kwa siku. Andika tarehe, saa, na mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Kijito kikizidi uwezo wa ndoo, jenga kizuizi kidogo cha ubao au bati chenye mkato wa herufi V wa nyuzi 90, maji yote yapite kwenye mkato huo na kudondoka huru upande wa chini. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya V, lakini usipime penyewe kwenye mkato, kwa sababu hapo maji yameanza kuinama; pima nyuma kidogo, umbali usiopungua mara nne ya kimo hicho. Kimo cha sentimita tano ni kama lita 0.8 kwa sekunde, sentimita 10 ni kama lita 4.4, na sentimita 20 ni kama lita 25. Kimo kikiongezeka maradufu, maji huongezeka karibu mara sita, kwa hiyo kosa la sentimita moja halipaswi kupuuzwa.

Pima mara moja kwa wiki, na katika kiangazi pima mara mbili kwa siku hiyo: alfajiri na alasiri. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha mti ukinywa. Kijito kilichopakana na miti mingi yenye mizizi ndani ya maji kinajaa usiku majani yanapotulia, kinafika kilele asubuhi, kisha jua likipanda kinaanza kupungua, na ifikapo alasiri maji yameachia ukanda mwembamba wa mchanga uliolowa ambao alfajiri ulikuwa umefunikwa. Hakuna mvua iliyonyesha wala aliyefungua mfereji. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni makadirio ya kile ambacho miti ya kingo imechukua mchana huo. Ukiiona tofauti kubwa kwenye sehemu iliyovamiwa na miti ya kigeni na ndogo kwenye sehemu yenye mimea ya asili, umepata mahali pa kuanzia kuondoa.

Pamoja na kijito chako, chagua kingine cha jirani ambacho kidakio chake hakitapandwa wala kukatwa, chenye ukubwa, mwinuko na udongo unaokaribiana, nacho ukipime siku zile zile. Bila mwenzi huyo hutaweza kutenganisha athari ya miti na athari ya mwaka wenye mvua haba. Vipimo vya mwaka mmoja kabla ya kupanda ni bora kuliko kutokuwa navyo. Vya miaka mitatu vinatosha kusimama mbele ya mkutano wowote. Weka pia kipima mvua mahali pa wazi, ukikumbuka kwamba milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni lita 10,000.

Kukadiria upungufu kabla haujatokea

Ipo kanuni iliyotokana na vidakio zaidi ya 250 duniani na kuchapishwa mwaka 2001, inayokadiria kiasi cha mvua kinachorudi angani kutoka kwenye msitu na kutoka kwenye nyasi. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyasi hurudisha angani milimita 630 hivi na msitu milimita 843 hivi. Tofauti ni milimita 213, yaani mita za ujazo 2,130 kwa kila hekta kila mwaka. Ukipanda hekta 100 kwenye nyasi, ni mita za ujazo 213,000, kiasi kinachoweza kuwatosha watu zaidi ya 11,000 kwa lita 50 kila mmoja kwa siku.

Mahali pakavu zaidi, tarakimu inadanganya jicho. Kwa mvua ya milimita 600, tofauti kati ya msitu na nyasi ni milimita 91 tu, na mtu anaweza kusema ni kidogo. Lakini nyasi zilikuwa zikiacha milimita 133 kwa ajili ya mito na visima, na msitu unaacha 42. Theluthi mbili ya maji yote yamekwenda. Kwa mvua ya milimita 1,500 tofauti ni kubwa zaidi, 344, ilhali bado zinabaki zaidi ya 400. Kwa hiyo usilinganishe milimita zinazopotea peke yake. Linganisha na zinazobaki.

Kanuni hiyo inatoa wastani wa misitu ya kila namna, haichagui mti. Kwa kutofautisha, mapitio ya majaribio 94 yaliyochapishwa mwaka 1982 yanasaidia: kila asilimia 10 ya kidakio inayobadilishwa kuwa misonobari au mikaratusi hupunguza mtiririko kwa wastani wa milimita 40 kwa mwaka, miti ya majani mapana inayopukutisha hupunguza milimita 25, na vichaka au nyasi milimita 10. Mapitio hayo yalionyesha pia kwamba badiliko la chini ya asilimia 20 ya kidakio ni vigumu kulitambua kwa kupima kijito. Kwa mwenye shamba dogo ndani ya kidakio kikubwa habari hiyo ni ya kutuliza moyo, lakini wenye mashamba madogo 50 wakipanda kwa wakati mmoja wanakuwa msitu mmoja.

Umri nao usisahaulike, kwa sababu unawanyenyekeza hata wapenzi wa miti ya asili. Katika milima inayolisha mji wa Melbourne, nchini Australia, moto wa mwaka 1939 uliteketeza misitu mikubwa ya mikaratusi ya mahali hapo, miti ya asili kabisa. Ilipoota upya kwa wingi, machipukizi yalitumia maji mengi kuliko misitu mikongwe, na mtiririko ulikadiriwa kushuka hadi karibu nusu miti ilipofikia umri wa miaka 30 hivi, ukihitaji zaidi ya karne moja kurudi ulivyokuwa. Msitu mchanga unaokua kwa nguvu ndio wenye kiu. Magharibi mwa nchi hiyo hiyo kulitokea kinyume chake: mikaratusi ya asili ilipofyekwa kwa ajili ya ngano, maji ya ardhini yalipanda na kuleta chumvi juu, na mashamba yakaharibika. Huko kiu ya mti ndiyo iliyokuwa ikiwalinda watu.

Kuchagua mti, mahali na nafasi

Ukishapata tarakimu zako, uamuzi unakuwa wa vitendo. Kandokando ya maji, palipo na unyevu mwaka mzima, usipande mikaratusi, misonobari wala miwati. Hapo mizizi haihitaji kutafuta. Inanyonya moja kwa moja, na mti mmoja huchukua zaidi ya mwenzake aliye mlimani. Baadhi ya nchi zimeweka mpaka kisheria. Tanzania, kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na Afrika Kusini, kwa sheria yake ya maji ya mwaka 1998, ilitaja upandaji wa misitu ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko, hivyo inahitaji kibali cha maji. Pasipo na sheria, jiwekee mpaka mwenyewe.

Kingo hizo ziachie mimea yake ya asili, mikuyu ikiwamo pale inapoota yenyewe. Ila hapa pana imani ninayotaka kuirekebisha kwa heshima: mkuyu hauleti maji. Unaota pale ambapo maji yako karibu, kwa hiyo ni ishara nzuri, nao hushika ukingo na kukipa kijito kivuli. Kuupanda mahali pakavu kwa kutarajia chemchemi izuke ni kuubebesha mti kazi ambayo si yake.

Katika sehemu ya juu, inayozamisha mvua, chagua miti ya asili inayokua polepole na ikiwezekana inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, ukiichanganya na nyasi. Vipimo vilivyofanywa Afrika Kusini vinaonyesha kwamba miti ya asili kwa kawaida hutumia maji kidogo kwa mwaka kuliko mikaratusi na misonobari, ingawa hutoa mbao polepole zaidi. Na haki isemwe: kwa kila lita inayotumia, mikaratusi hutoa kuni na nguzo nyingi kuliko miti mingi. Kama unahitaji nguzo, ipande, lakini iwe katika sehemu ndogo ya kidakio, mbali na maji, kwenye udongo ambao jaribio la mkebe limeonyesha hauwezi kufaa kwa jambo bora zaidi.

Nafasi kati ya miti ni silaha isiyotumika vya kutosha. Kwa mita 2.5 kwa 2.5 unapata miti 1,600 kwa hekta; kwa mita 5 kwa 5 unapata 400. Punguza miti kabla matawi hayajakutana, na uache majani yaliyoanguka yalale yalipo. Usipande kidakio chote mwaka mmoja, kwa sababu miti ya umri mmoja hufikia kilele cha kiu kwa pamoja.

Miti ya kigeni ina hatari moja ambayo ya asili haina: kutoroka. Mbegu za misonobari hubebwa na upepo hadi milimani, miwati hufuata mito, na prosopisi, ambao wengi wanauita mathenge, hutawanywa na mifugo inayokula maganda yake. Unapokadiria athari, usihesabu hekta ulizopanda tu. Kila mwaka pita kwenye mipaka na kwenye kijito, ung'oe miche iliyoota yenyewe ingali inang'oleka kwa mkono.

Kuondoa shamba lililokwisha kukausha maji

Kama uharibifu umekwisha kutokea, anza na kingo za kijito, ambako kila mti unaoondolewa hurudisha maji mengi kuliko mwingine wowote. Afrika Kusini ilianzisha mpango wa kitaifa wa kazi hiyo mwaka 1995, na uliajiri maelfu ya watu kufyeka miti vamizi katika vidakio. Jambo linalosumbua zaidi ni visiki. Mkaratusi uliokatwa huchipua ndani ya wiki chache, na machipukizi yake mengi yenye mizizi ya zamani iliyokwisha kwenda chini hunywa kwa pupa. Kuukata na kuondoka ni kuuongezea nguvu. Ubandue gome la kisiki hadi chini ya usawa wa udongo, au uyakate machipukizi kila yanapotokea mpaka mzizi uchoke, na urudi kukagua kwa angalau miaka mitatu.

Usifyeke mteremko mzima kwa mara moja. Fyeka ukanda, ulaze matawi kukingama mteremko yashike udongo, panda nyasi na miti ya asili, kisha uhamie ukanda unaofuata misimu miwili ya mvua baadaye. Ardhi iliyoachwa uchi itakupa maji mengi msimu wa kwanza, yenye rangi ya udongo, na wengine wataona ni ushindi.

Endelea na ndoo yako wakati wote huo. Linganisha kila kipimo na cha kijito mwenzi, kwa kugawanya kimoja kwa kingine, na uchore uwiano huo mwezi hadi mwezi. Kama uwiano haupandi katika kiangazi cha kwanza wala cha pili baada ya kufyeka, kumbuka miaka mitano ya Mokobulaan, kagua kama kuna machipukizi yaliyokuponyoka, na uiandike tarakimu hiyo daftarini kama ulivyoandika nyingine.